Kwa Nini Analia? Niliyojifunza kwa Watoto Kuhusu Vyanzo vya Hisia

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia nikiwa mwalimu wa watoto wadogo, kuanzia wale wanaoingia chekechea wakiwa na miaka 3 hadi wale wanaokaribia kutimiza miaka 9, na nyumbani nimelea watoto wangu pamoja na wa ndugu zangu. Tangu mapema nilijijengea mazoea ya kuuliza swali moja. Mtoto anapolia, anaponuna au anaposhangilia, huwageukia wenzake walio karibu na kuwauliza, "Kwa nini yuko hivyo?" Siulizi ili nimpate mkosaji. Nauliza kwa sababu majibu hutofautiana mno kwa kadiri ya umri, na tofauti hizo zina mpangilio ambao nimeuona ukijirudia kwa kila kundi jipya la watoto ninalolipokea.

Mwenye miaka 3 hunijibu, "Ameanguka," na mara nyingine hunijibu hivyo hata pale ambapo sote tulikuwa tumeketi na hakuna aliyeanguka. Mwenye miaka 4 hunijibu, "Alilitaka lile gari." Mwenye miaka 6 anaweza kuniambia, "Alidhani anayebisha hodi ni mama yake, kumbe siye." Na mwenye miaka 8 huweza kuninong'oneza kwamba mwenzake anaumia moyoni kwa sababu alimsukuma mtu na hakuna aliyemwona. Swali ni lile lile, lakini chanzo kinachotajwa kinazidi kuhama kutoka kwenye jambo linaloonekana na kuingia ndani ya mtu: kwanza tukio, kisha matakwa, kisha dhana, kisha dhamiri. Nimefikia kuamini kwamba kumsaidia mtoto aelewe hisia ni kumsaidia katika kuhama huko, na kwamba kumwongezea orodha ya majina ya hisia ni kazi ndogo ikilinganishwa nako.

Msingi wa jambo hili huwekwa kabla mtoto hajasema neno. Charles Darwin aliandika kumbukumbu za ukuaji wa mwanawe wa kwanza na kuzichapisha mwaka 1877, na humo anaeleza kwamba mtoto huyo alipokuwa na miezi 6 na siku 11, mlezi wake alijifanya analia, na uso wa mtoto ukaingiwa na huzuni, pembe za mdomo zikashuka. Kila aliyelea mtoto mchanga amewahi kuona jambo kama hilo. Hata hivyo, katika umri huo mtoto anaambukizwa huzuni tu. Hatafuti inahusu nini. Miezi michache baadaye hali hubadilika. Mtoto wa dada yangu, alipokuwa akitambaa, alikutana na mashine iliyokuwa ikinguruma sakafuni. Alisita, akaitazama, kisha akageuza shingo kunitafuta mimi, akanikodolea macho usoni, na ni baada ya kuniona nikitabasamu ndipo aliposogea mbele.

Jambo hilo limepimwa kwa ustadi. James Sorce, Robert Emde, Joseph Campos na Mary Klinnert walichapisha mwaka 1985 jaribio walilolifanya na watoto wa umri wa mwaka 1, waliowekwa juu ya meza ya kioo imara iliyotengenezwa ili sehemu yake ionekane kana kwamba inashuka ghafla, huku mama akiwa amesimama upande wa pili. Kati ya watoto 19 walioonyeshwa na mama zao uso wa furaha, 14 walivuka. Kati ya watoto 17 walioonyeshwa uso wa hofu, hakuna hata mmoja aliyevuka. Mtoto wa namna hiyo hana bado neno la kuitaja hofu, lakini tayari ameelewa kwamba uso wa mtu mzima unahusu kitu fulani kilichopo pale mbele yao. Kwangu hiyo ndiyo mbegu ya kwanza ya kuelewa chanzo cha hisia, na ndiyo maana nawasihi walezi wa watoto wachanga wawe waangalifu na nyuso zao wanapotazamwa kwa jicho hilo la kuuliza.

Baada ya hapo huja kipindi ambacho wazazi wengi hukiona kuwa cha ubinafsi, nami nakiona kuwa cha ukarimu usio na maarifa ya kutosha. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi kadhaa anapomwona mwenzake analia, humpelekea kitu kinachomtuliza yeye mwenyewe: kitambaa chake anacholalia, mdoli wake, au hata humvuta mama yake mwenyewe amwendee anayelia ilhali mama wa anayelia amesimama pale pale. Anajua kwamba kilio kina dawa, lakini anaamini kwamba dawa hiyo ni moja kwa watu wote. Betty Repacholi na Alison Gopnik walionyesha mwaka 1997 ni lini imani hiyo inaanza kulegea. Mtafiti alionja mbele ya mtoto vitu viwili, biskuti ndogo ambazo watoto huzipenda na mboga mbichi ambayo wengi wao huikataa, akajionyesha kuwa anaifurahia mboga na kuchukizwa na biskuti, kisha akanyoosha mkono ili apewe. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, yaani kile walichokipenda wao. Watoto wa miezi 18 walimpa mboga. Ndani ya miezi 4 tu mtoto anakuwa amegundua kwamba kinachomfurahisha mwingine kinaweza kuwa kile kile kinachomchukiza yeye, na sijui kama kuna ugunduzi mwingine wa utotoni wenye uzito kama huo kwa maisha ya kuishi na watu.

Kugundua jambo kwa kutenda, hata hivyo, si sawa na kuweza kulieleza, na hapo ndipo watoto wa miaka 3 hadi 5 walipokuwa walimu wangu wakubwa. Siku moja mvua ilinyesha wakati wa kutoka nje kucheza. Wengi walinung'unika, na mmoja alilia kwa kwikwi. Mvulana mmoja mpole, ambaye uwanjani alizoea kuachwa nyuma na wenzake, alitabasamu na kwenda moja kwa moja kwenye kona ya matofali ya mbao. Niliwaketisha wote nikawauliza kwa upole: mvua ni ile ile, mbona mmoja analia na mwingine anafurahi? Mtoto mmoja alieleza kwamba anayelia ndiye aliyenyeshewa, ingawa hakuna aliyekuwa amelowa. Mwingine alisema kwamba anayefurahi hajaiona mvua vizuri. Wote wawili walikuwa wakifanya jambo la akili: kwa kuwa waliamini kwamba tukio ndilo linaloleta hisia, walilazimika kusema kwamba matukio yalikuwa mawili. Ndipo binti mmoja wa miaka 4 na ushee aliposema, "Yeye alitaka kubaki ndani, Mwalimu. Sisi tulitaka kutoka."

Kwa mtu mzima sentensi hiyo ni ya kawaida mno. Kwa mtoto ni mlango. Anayeisema amekwisha kuelewa kwamba tukio halibebi hisia ndani yake lenyewe. Hisia huzaliwa pale tukio linapokutana na matakwa ya mtu. Karen Bartsch na Henry Wellman, katika uchambuzi wao wa mazungumzo ya kila siku ya watoto uliochapishwa mwaka 1995, walionyesha kwamba watoto huanza kuzungumzia kutaka wakiwa na umri wa karibu miaka 2, na kuzungumzia kudhani na kufikiri huja baadaye, karibu na miaka 3. Mpangilio huo ulinifafanulia kwa nini darasani mwangu maelezo ya hisia kwa njia ya matakwa yalikuwa yakipatikana kwa urahisi pindi mtoto mmoja alipoyafungulia njia, na kwa nini maelezo kwa njia ya dhana yalihitaji subira ya mwaka mzima au zaidi. Tangu siku hiyo ya mvua nilianza kutafuta kwa makusudi matukio yenye nyoyo mbili: mbwa anayesogea karibu, taa kuzimwa wakati wa kulala, mtoto kuitwa aimbe mbele ya wenzake. Kila moja huwafurahisha wengine na kuwaogofya wengine, na watoto hupenda sana kubishana kwa nini.

Matakwa yakishaeleweka, linafuata jambo ambalo ninaona halipewi uzito wake katika malezi, nalo ni tofauti ya hasira na huzuni. Zote mbili huanzia pale mtu anapokosa alichokitaka au kupoteza alichokuwa nacho, na mtoto mdogo anayelia kwa hasira hatofautiani sana na anayelia kwa huzuni. Machozi ni yale yale. Nancy Stein na Linda Levine, waliolitafiti jambo hili katika miaka ya 1980, walieleza kwamba tofauti imo katika kile ambacho akili inakiangalia: mwenye huzuni huangalia kilichopotea, na mwenye hasira huangalia kilichosababisha upotevu huo na jinsi ya kurudisha mambo yalivyokuwa. Nimeliona hilo mara nyingi kwenye matofali ya mbao. Mnara ulioanguka wenyewe huleta huzuni, na mnara uliobomolewa na mtu huleta hasira. Kati ya hiyo miwili kuna mnara wa tatu, ule ulioangushwa na mtu ambaye hakukusudia, na huo ndio unaofundisha zaidi.

Nakumbuka mtoto wa miaka 5 ambaye mnara wake ulianguka baada ya mwenzake kupita nyuma yake na nguo yake kunasa tofali. Alifoka, akanyanyua mkono kutaka kupiga. Nilimshika mkono bila kumkemea, nikamuuliza nani aliyeangusha, akamtaja. Kisha nikamuuliza, "Alikusudia?" Watoto wa miaka 3 huwa hawalisikii swali hili la pili, kwao aliyefanya ndiye aliyetaka. Huyu alisikia. Akamtazama mwenzake, ambaye alikuwa amepigwa na butwaa na kuutazama mnara kana kwamba ndiyo kwanza anauona, na mkono wake ukalegea. Baada ya hapo ndipo alipoanza kulia kweli. Mtu aliyeingia wakati huo angedhani hali imezidi kuwa mbaya. Mimi niliona imekuwa sawa, kwa sababu hasira iliyokuwa imemwelekea mtu asiye na kosa ilikuwa imeondoka na kuacha huzuni ya kupoteza kazi yake ya asubuhi nzima, na huzuni hiyo ilikuwa haki yake.

Kutokana na matukio ya namna hiyo nimejifunza kutomtuliza mwenye hasira kwa njia ninazomtulizia mwenye huzuni. Mwenye huzuni hukubali kupakatwa, kuketi karibu na mtu, au kusaidiwa kujenga upya. Mwenye hasira akipakatwa kabla ya mtu yeyote kukiri kwamba ametendewa isivyo haki, hujinyonganyonga na hasira yake huongezeka, kwa kuwa anachokitaka ni jambo lirekebishwe. Neno "pole" humfikia vizuri zaidi linapotanguliwa na "Ni kweli, alikubomolea." Na kwa sababu mtoto mwenyewe hajui ni ipi kati ya hizo mbili iliyomshika, namsaidia kwa kumuuliza anataka nini sasa. Akisema anataka mnara wake, najua. Akisema anataka yule aondolewe, najua pia.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi kuliko zote nilizozishuhudia, nayo ni kuelewa kwamba hisia hufuata kile ambacho mtu anadhani kuwa ni kweli, hata kama si kweli. Huwa nawasimulia watoto habari ya mbwa mdogo anayemsubiri mwenye nyumba kwenye lango la mbele, asijue kwamba mwenye nyumba ameshaondoka kwa mlango wa nyuma. Nawauliza kwanza kama mbwa anajua. Wenye miaka 5 karibu wote hujibu kwa uhakika kwamba hajui. Kisha nauliza mbwa anajisikiaje wakati huo akisubiri, na wengi wa hao hao hujibu, "Ana huzuni, kwa sababu ameachwa." Hawaoni mgongano wowote kati ya majibu yao mawili. Wanajua kwamba mbwa hajui, na bado wanampa huzuni ya mtu anayejua. Mwenye miaka 7 hujibu tofauti: mbwa ana furaha, anatikisa mkia, atahuzunika atakapogundua.

Pengo hilo limeelezwa vizuri na Francisco Pons, Paul Harris na Marc de Rosnay katika utafiti wao wa mwaka 2004 uliohusisha watoto 100 wa kuanzia miaka 3 hadi 11. Waligawa uelewa wa hisia katika vipengele tisa na wakaona vinapangika katika makundi matatu: karibu na miaka 5 watoto wengi hutambua nyuso, vyanzo vya nje na nguvu ya vitu vinavyokumbusha yaliyopita, karibu na miaka 7 huelewa nafasi ya matakwa na dhana, na pia kwamba mtu anaweza kuonyesha hisia asiyokuwa nayo, na kati ya miaka 9 na 11 huelewa hisia zinazochanganyika, hisia zinazotokana na mema na mabaya, na namna fikra zinavyoweza kubadilisha hisia. Umri huo ni wa wastani, na watoto wa umri mmoja hutofautiana sana, jambo ambalo mwalimu yeyote atalithibitisha.

Pengo hili si la kinadharia tu. Mtoto anayesubiri kuchukuliwa na mama aliyechelewa huwa na uchungu wa aina mbili, ule wa kusubiri na ule wa kudhani kwamba mama anajua jinsi mwanawe anavyoteseka na bado haji. Nilipoanza kuwaambia watoto waziwazi, "Mama hajui kwamba unalia, angejua angehuzunika," niliona nyuso zikilegea. Wengine waliuliza, kwa mshangao wa kweli, "Hajui?" Mlezi anayeelewa kwamba mtoto wa umri huo hudhani kila mtu anaona anachokiona yeye atamsamehe lawama nyingi, na atamweleza mambo mengi ambayo vinginevyo angeyaona hayahitaji kuelezwa.

Kumbukumbu nayo ni chanzo kisichoonekana, lakini watoto huifikia mapema kuliko nilivyotarajia. Binti mmoja aliwahi kuanza kulia katikati ya mchezo uliokuwa ukienda vizuri, mara tu mpira mwekundu ulipotolewa sandukuni. Wenzake walichanganyikiwa; mmoja alisema mpira haujamfanya kitu. Ndipo rafiki yake wa miaka 5 alipoeleza kwamba kaka yake binti huyo, aliyekwenda kusoma mbali, alikuwa na mpira kama ule. "Ameuona, akamkumbuka," alisema. Kristin Lagattuta, akishirikiana na Henry Wellman na John Flavell, alichapisha mwaka 1997 utafiti uliohusu jambo hili hasa, na ulionyesha kwamba uwezo wa kueleza huzuni ya sasa kwa kumbukumbu ya jambo la zamani huongezeka kwa kiasi kikubwa kati ya miaka 3 na 6. Naliona hili kuwa muhimu sana kwa watoto waliofiwa au waliotengana na watu wao. Wao huhitaji kujua kwamba huzuni inayowajia ghafla ina sababu, na kwamba wenzao wanaweza kuielewa sababu hiyo wakiambiwa.

Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawakubaliani nami. Madarasa mengi ya watoto yana ukutani picha za nyuso, moja ikicheka, moja ikilia, moja imekunja uso, na mtoto huombwa anyooshe kidole kwenye ile inayofanana naye. Sizipingi picha hizo, lakini naona zinapewa kazi isiyo yake. Uso ni alama hafifu. Sherri Widen na James Russell wameonyesha katika tafiti zao kwamba watoto hata wa miaka 7 au 8 wanapoonyeshwa picha ya uso wa kinyaa mara nyingi huiita hasira, ilhali wakisimuliwa kisa chenye chanzo cha kinyaa hukitambua vizuri zaidi. Kisa kina mwanzo, kina mtu anayetaka kitu, kina kilichotokea. Mtoto anayejua kwa nini mtu amekasirika anaweza kufanya jambo kuhusu hasira hiyo. Mtoto anayejua tu kwamba uso ule ni wa hasira anaweza kufanya nini zaidi ya kuukimbia? Kwa hiyo mimi, ninapokuwa na nusu saa ya kuzungumzia hisia, huitumia yote kwa visa.

Kuna jambo linalowaumiza wazazi wengi, nao huja kuniambia kwa sauti ya chini kana kwamba wanakiri aibu ya familia: mtoto wao wa miaka 4 amechukua kitu cha mwenzake na anaonekana mwenye furaha kabisa. Wanahofu kwamba moyo wake ni mgumu. Huwa nawaeleza kwamba Gertrud Nunner-Winkler na Beate Sodian, katika utafiti wao wa mwaka 1988, waliwauliza watoto jinsi anavyojisikia mtu aliyeiba kitu alichokitamani bila kuonekana, na wengi wa wenye miaka 4 walijibu kwamba anafurahi kwa sababu amekipata, wakati wengi wa wenye miaka 8 walisema anajisikia vibaya. Watoto hao wa miaka 4 walijua vizuri kwamba kuiba ni kosa. Walichokuwa hawajakiunganisha ni ujuzi huo na hisia za mkosaji, kwa sababu kwao bado matakwa yaliyotimia ndiyo chanzo kikuu cha furaha. Naona ni dhuluma kumwita mtoto huyo mwenye roho mbaya. Kinachomsaidia ni kumwelekeza kwa aliyepokonywa, amtazame na aseme mwenyewe kwa nini analia, tena na tena, hadi furaha ya kupata ianze kukutana na uchungu wa mwingine.

Kuhusu hisia zinazochanganyika nitasema machache, kwa kuwa watoto niliowafundisha wengi walikuwa wadogo mno kwa hilo. Susan Harter na Bonnie Buddin walieleza mwaka 1987 jinsi watoto wanavyofikia polepole kukubali kwamba mtu anaweza kuwa na furaha na huzuni kwa wakati mmoja kuhusu jambo lile lile, na kwa wengi hilo hukamilika karibu na miaka 11. Watoto wangu wa miaka 6 wanapohama darasa huniambia kwamba wamefurahi, na baadaye kwamba wamehuzunika, na wakiulizwa juu ya zote mbili pamoja husema haiwezekani. Siwalazimishi.

Jambo linalonihangaisha zaidi ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivi vyote kinachokomaa katika ukimya. Judy Dunn, Jane Brown na Lynn Beardsall walichapisha mwaka 1991 utafiti uliowafuata watoto majumbani mwao, na ulionyesha kwamba watoto ambao familia zao zilizungumza nao zaidi kuhusu hisia walipokuwa na miaka 3 walikuwa hodari zaidi wa kutambua hisia za watu wengine walipofika miaka 6. Candida Peterson na Michael Siegal nao walionyesha mwaka 1995 kwamba watoto viziwi waliozaliwa katika familia za watu wanaosikia, ambao kwa kawaida hukosa lugha ya ishara ya kutumia nyumbani tangu mwanzo, huchelewa sana kuelewa kwamba mtu anaweza kudhani jambo lisilo kweli. Na utafiti uliofuata uliwaonyesha watoto viziwi waliolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya ishara tangu kuzaliwa kuwa hawachelewi namna hiyo. Akili za watoto hao zilikuwa timamu. Walichokikosa ni mazungumzo kuhusu yale yaliyomo vichwani na mioyoni mwa watu.

Mazungumzo hayo yana wakati wake. Mtoto aliyepandwa na hasira hasikii sababu, na maelezo marefu wakati huo humfanya ahisi kwamba anaadhibiwa kwa maneno. Nasubiri pumzi zitulie, wakati mwingine hadi kesho yake, na mara nyingi naanzia kwa mtu mwingine badala ya kuanzia kwake, kwa kuwa ni rahisi zaidi kwa mtoto kuona chanzo cha hisia ya mwenzake kuliko cha yake. Tukishamaliza kumjadili mwenzake, yeye mwenyewe huleta habari zake.

Hisia za mtu mzima nazo zinahitaji kupewa sababu, na hapa sina shaka hata kidogo. Mtoto asipoambiwa kwa nini mama amenyamaza au kwa nini baba ana uso mzito, hujitafutia chanzo, na chanzo kilicho karibu naye zaidi ni yeye mwenyewe. Siku moja mtoto alinijia akiwa amekunja vidole, akaniuliza, "Mwalimu, umenikasirikia?" Nilikuwa sijasema neno baya tangu asubuhi. Nilichuchumaa nikamwambia, "Hapana, mwanangu, sijakukasirikia. Kichwa kinaniuma, ndiyo maana nimekunja uso." Alishusha pumzi, akaenda kuwaambia wenzake mmoja mmoja kwamba Mwalimu anaumwa na kichwa, na hapo nikatambua kwamba swali halikuwa lake peke yake. Familia zenye msiba, ugomvi au shida zina mzigo mkubwa zaidi wa kueleza, lakini hata sentensi moja ya kweli, inayolingana na umri wa mtoto na inayomwondolea lawama, ni bora kuliko ukimya unaomwachia ajihukumu.

Wapo pia watoto ambao, hata baada ya kuulizwa kwa upole na kusubiriwa, hujibu, "Sijui." Zamani nilikuwa na mwalimu mwenzangu aliyeliona jibu hilo kuwa ukaidi. Mimi nalipokea kama jibu kamili. Mara nyingi chanzo kimo mwilini, katika usingizi uliopungua, homa inayokuja, njaa au joto, na vyanzo vya aina hiyo ni vigumu kwa mtoto kuvigundua kwa kuwa havina tukio wala mtu wa kunyooshewa kidole. Simwambii kwamba najua kinachomsumbua. Namwambia kwamba huenda ni usingizi, tujaribu kulala kisha tuone, na akiamka namuuliza kama bado yuko vile. Wakati mwingine husema bado, na tunaendelea kutafuta. Wakati mwingine husema imeondoka, na hukaa kidogo akilitafakari jambo hilo. Na baadhi yao, wiki chache baadaye, huja wenyewe kuniambia kwamba wanataka kulala kwanza kabla hawajaanza kugombana na mtu.